MAZUNGUMZO YETU: Juma la Kwanza la Mwalimu Mgeni

Kila mwaka, Septemba iingiapo, kengele za shule hulia katika nchi yote ya Kongo. Siku ile kila mtu huwatazama watoto. Wamenyolewa nywele, wamevaa shati jeupe na kaptula au sketi ya buluu, wamepakwa mafuta mpaka nyuso zang'aa. Mama zao huwasindikiza, baba zao huwapa wasia. Lakini yuko mtu mmoja asiyetazamwa na yeyote, naye moyo wake wadunda kuliko wa mtoto awaye yote. Ndiye mwalimu mpya. Usiku hakupata usingizi; alfajiri amekwisha kuvaa; njiani anasema peke yake maneno atakayowaambia watoto. Juma hili twataka kuzungumza habari zake.

Hatutasema mambo ya vitabuni. Tutawasimulia juma letu la kwanza sisi wenyewe, katika shule moja ya msingi ya mji wa Kolwezi, mwezi wa Septemba 2019. Shule hatutaitaja, maana makosa tutakayoyasimulia yalikuwa yetu, si yake. Kusimulia makosa ni jambo la aibu, lakini wazee walisema: Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Huenda mwalimu kijana akaona jiwe tulilojikwaa, akalipitia kando.

Mji na mwaka ule

Msomaji aliye mbali yampasa kwanza afahamu mahali penyewe. Kolwezi ni mji wa shaba. Ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, uwe makao ya migodi yake ya upande wa magharibi. Na tangu mwaka 2015 ndio mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Zamani kampuni iliwajengea wafanyakazi nyumba na hospitali, na shule za watoto wao ziliwekwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki. Mwaka 1967 Serikali ikaitwaa kampuni ile, na baadaye ikaitwa Gécamines. Wazee wa Kolwezi hulitaja jina hilo kama mtu atajavyo jina la baba yake.

Lakini baba naye huzeeka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Miaka iliyofuata kazi ilipungua, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliaga kazi kwa malipo ya mara moja. Watu wengi wakashika sululu na kuingia wenyewe katika mashimo. Leo shaba na kobalti ya Lualaba yatafutwa na dunia nzima kwa betri za simu na za magari ya umeme. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo. Wala mawe hayo hayakuchimbwa na watu wazima peke yao. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo, wengi wao wakiokota, wakichekecha na kuosha mawe.

Sasa tazameni mwaka ule wa 2019. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima, tena ni ya bure. Kwa miaka mingi maneno hayo yalikaa karatasini tu. Tangu miaka ya 1990 mishahara ya Serikali ilipokuwa haifiki, au ilipofika ikawa haitoshi hata kununua gunia la unga, wazazi ndio waliowachangia waalimu. Mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Basi mwezi wa Septemba 2019 Serikali ikaanza kulitimiza neno la Katiba: ada zikaondolewa katika shule za msingi za umma, pamoja na zile zinazoongozwa na Kanisa kwa mapatano yaliyofanywa na Serikali mwaka 1977. Habari ikaenea kila kata na kila kijiji: shule ni bure! Na watoto wakaja. Walikuja kama maji ya mvua ya kwanza.

Jumatatu: hesabu yapotea

Sisi tulikuwa tumejitayarisha vema, ndivyo tulivyodhani. Tulikuwa na diploma yetu ya ualimu. Tulikuwa tumenunua madaftari mawili makubwa, na katika moja tumeandika kwa mwandiko mzuri masomo ya juma zima la darasa la pili, tukiyapigia mistari ya wino mwekundu. Tuliwaza watoto arobaini na watano. Kwa nini arobaini na watano, hatujui; labda kwa sababu ndivyo lilivyokuwa darasa tulilojifunzia kazi.

Mkuu wa shule alitukaribisha kwa mkono wa kulia, akatupa boksi moja la chaki, kitabu kimoja, kifutio cha ubao, na orodha yenye majina 58. Akasema, "Wengine wataongezeka kidogo." Tulipofungua mlango tulihesabu watoto 112. Madawati yalikuwa 20, kila moja la kukaa watatu. Waliobaki walikaa sakafuni, dirishani, na juu ya matofali waliyoyachukua uani. Wazazi walikuwa mlangoni wakiita, "Mwalimu, huyu naye! Mwalimu, usimsahau huyu, masikio yake hayasikii vizuri!" Mpaka saa nne tulikuwa hatujasema hata neno moja la somo.

Darasa la jirani lilikuwa la mama mmoja aliyekuwa amefundisha miaka zaidi ya thelathini. Wote, wakubwa na wadogo, walimwita Mama Mwalimu. Wakati wa mapumziko alituona tumesimama chini ya mwembe, jasho latutoka. Akasema, "Mwanangu, leo usifundishe kitu. Leo andika majina. Kesho yaite. Kesho kutwa yaite tena. Mtoto ambaye mwalimu hamjui jina, huyo bado hajaingia shuleni, hata kama amekaa mbele yako."

Tulimwitikia kwa heshima, "Ndiyo, Mama." Lakini moyoni tulisema: Tuna masomo yetu yamekwisha kuandikwa. Majina tutayaandika Ijumaa, fujo ikipungua. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, na la pili lilizaliwa nalo.

Jumanne: lugha ya darasani

Jumanne walikuwa 118. Tulisimama mbele yao, tukaanza somo la kwanza kwa Kifaransa safi, kama tulivyojifunza. Watoto walitutazama kwa adabu kubwa. Tuliuliza swali, hakuna mkono ulioinuka. Tukauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ugonjwa wao ulikuwa uziwi. Kimya. Mwishowe kijana mmoja wa nyuma akamwuliza mwenzake kwa Kiswahili, naye alidhani hatusikii: "Anasema nini?" Mwenzake akajibu: "Sijui. Labda anasali."

Tulicheka, nao wakacheka, tukaweka kitabu chini. Katika darasa lile walikuwamo watoto wa Wasanga, Walunda, Waluba, Wachokwe na wengine. Nyumbani kila mmoja ana lugha ya bibi yake, lakini uwanjani wote husemezana kwa Kiswahili. Tulipoanza kuhesabu kwa Kiswahili, vijiti mkononi, mikono ikainuka kama majani ya mahindi. Baada ya hapo ndipo tulipowafundisha maneno ya Kifaransa, matano kwa siku, nao wakayapokea kwa furaha.

Hili si jambo la kujitungia. Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 yazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, kuwa lugha za kufundishia. Tena zamani sana Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle, aliyefariki mwaka 1719, ambaye Papa Pio XII alimfanya msimamizi wa waalimu wote mwaka 1950, alitaka watoto maskini wa Ufaransa waanze kusoma kwa Kifaransa chao kabla ya Kilatini. Mtoto hufunguliwa mlango kwa ufunguo wa nyumbani kwake.

Jumatano: kimya kilichonunuliwa

Jumatano ilikuwa siku mbaya. Vumbi la mwisho wa kiangazi lilijaa darasani, sauti yetu imekauka, na watoto waliokaa sakafuni walikuwa wakisukumana. Tuliamuru waandike herufi tulizozichora ubaoni. Wengi waliandika, wengine wakakaa wakitutazama, mikono mitupu, kisha wakaanza kuwachezea wenzao. Hasira ikatupanda. Tukasema, "Asiye na daftari na kalamu asimame!" Wakasimama 31. Tukasema, "Nendeni nyumbani. Asirudi mtu hapa bila daftari."

Wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyelia. Darasa likapungua, likatulia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu tulisikia sauti yetu wenyewe. Tusiwafiche: tulifurahi. Tukajiambia, leo tumekuwa mwalimu kweli.

Uani tukakutana na Mama Mwalimu. Alikuwa amewaona watoto wakipita mbele ya mlango wake. Akauliza kwa upole, "Naona umepata kimya, mwanangu. Umekinunua kwa bei gani?" Hatukuwa na jibu.

Usiku ule lilitujia wazo jingine baya. Inafaa msomaji ajue kwamba hatukuwa na mshahara. Mwalimu mpya nchini Kongo mara nyingi huanza kufundisha kwanza. Kisha jina lake hutumwa Kinshasa, liandikwe katika orodha ya wanaolipwa. Wako waliongoja miezi, na wako waliongoja miaka mingi. Ofisini huitwa kwa Kifaransa nouvelles unités, yaani hesabu mpya. Na hesabu hiyo haina kitu mfukoni. Mwenzetu mmoja alikuwa ametunong'oneza: "Ada zimekatazwa, lakini mia mbili ya chaki kila Jumatatu, nani atakatazwa?" Tulipolala kitandani tukapiga hesabu: watoto 118 mara faranga 200 ni faranga 23,600 kwa juma. Tulipiga hesabu ile mara mbili. Tulikuwa tukikaa kwa mjomba wetu, tukila bukari yake na sombe yake kila jioni, na haya ilikuwa imeanza kutushika. Tukasema, Jumatatu tutaanza kukusanya.

Alhamisi na Ijumaa: wanne hawapo

Alhamisi walirudi 22, daftari mkononi. Wengine walikuwa na karatasi mbili tatu zilizokunjwa. Ijumaa wakarudi watano. Waliobaki ni wanne. Basi tukachukua orodha tuwatafute, na hapo ndipo tulipotambua ubaya wa kazi yetu. Majina yao hatukuwa nayo. Hawakuwa katika wale 58 wa orodha ya kwanza. Walikuwa katika wale walioingia mlangoni Jumatatu na Jumanne, nasi tulikuwa tumehesabu vichwa tu. Tuliwafukuza watoto, na hata kuwaita warudi hatukuweza, maana hatukujua waitwe nani.

Ijumaa ile hatukufundisha. Tuliandika majina kutoka asubuhi mpaka kengele ya mwisho: jina la mtoto, jina la mzazi, mtaa, na mti au duka lililo karibu na nyumba yao. Watoto wenyewe ndio waliotusaidia. Msichana mdogo wa dawati la mbele alisema, "Yule aliyekaa pale dirishani ni wa nyuma ya kwetu." Kwa njia hiyo tuliwapata wawili jioni ileile. Mmoja alikuwa amelala na homa. Mama wa pili alidhani shule imejaa. Wa tatu, kijana mrefu wa miaka tisa hivi, walisema yuko mtoni. Wa nne, msichana, walijua jina lake moja tu.

Jumamosi: mtoni

Jumamosi tulimwomba Mama Mwalimu tuende naye, tukafika kando ya mto Musonoi. Mahali pale palikuwa na watu wengi, wanawake na watoto, wamesimama majini, wakitikisa vichujio vyenye mawe, maji yamegeuka rangi ya kutu. Kwa mbali kidogo vijana walikuwa wakipakia magunia juu ya baiskeli kuyapeleka kwa wanunuzi. Tulimwona kijana wetu kabla hajatuona. Maji yalimfika magotini. Alikuwa akiosha mawe pamoja na mama yake na dada yake mdogo.

Alipotuona alitaka kukimbia. Mama Mwalimu akamwita, naye akaja, mikono nyuma.

"Kwa nini hukuja shuleni?" tulimwuliza.

"Mwalimu, ulisema tusirudi bila daftari," alijibu. "Kaye moja ni faranga mia tano. Nimekwisha kupata mia tatu. Jumatano nitakuja."

Mama yake akatoka majini, akajipangusa mikono, akatusalimu vizuri. Hakutukasirikia. Alisema, "Mwalimu, tulisikia shule ni bure, tukasema Mungu ametukumbuka. Huyu mtoto miaka miwili amekaa bila kusoma. Baba yangu mimi alifanya kazi Gécamines, nilisoma katika shule za kampuni, najua shule ni nini. Kumbe bure nayo ina kaye, ina kalamu, ina shati jeupe. Tutazitafuta. Utupe muda kidogo."

Wasomaji wapenzi, tulikuwa tumejifunza ualimu miaka mingi, lakini neno hili hatukuwa tumefundishwa: kwamba amri moja ya hasira, ya nusu dakika, yaweza kumtoa mtoto darasani na kumsimamisha majini. Hakupelekwa mtoni na mfanyabiashara mkatili. Tulimpeleka sisi, kwa kidole chetu, tukimwonyesha mlango. Na zile faranga mia mbili za kila Jumatatu tulizozipigia hesabu kitandani, tuliona wazi sasa zingetoka wapi. Zingetoka katika maji yale.

Tulimwambia, "Njoo Jumatatu. Daftari utaikuta."

Jumapili, baada ya Misa, tulichukua lile daftari letu kubwa la pili, lililokuwa halijaandikwa kitu. Tuliligawa kwa wembe, na nusu ya lile la kwanza pia, pamoja na masomo yetu yale ya wino mwekundu ambayo hayakumfaa mtu. Mama Mwalimu alileta sindano na uzi mweusi. Tukashona madaftari madogo kumi na manne. Jumatatu kijana wetu alikuja, amenawa mpaka viwiko. Hata hivyo ile rangi ya kutu ilikuwa bado katika kucha zake.

Mashauri kwa mwalimu mgeni

Tangu siku zile tumewaona waalimu wengi wapya wakianza, na haya ndiyo tuwaambiayo.

Kwanza, majina. Siku mbili za kwanza zisiwe za somo, ziwe za majina. Andika mtoto, mzazi, mtaa na jirani. Yaite kila asubuhi kwa sauti, na kila siku jifunze kumi kwa moyo. Daftari la mahudhurio si la kumpendeza mkaguzi. Ni wavu wa kumshika mtoto asianguke bila mtu kujua.

Pili, amri chache. Darasa kubwa halitawaliwi kwa kelele. Mpe kila dawati kiongozi wake, na kila safu zamu yake ya kufagia, kugawa chaki na kufuta ubao. Mtoto mwenye kazi mkononi hana nafasi ya kumsukuma mwenzake. Walio wengi kuliko madaftari waandike mchangani uani kwa kidole, safu kwa safu. Herufi iliyoandikwa vumbini yaingia kichwani sawasawa na ile ya wino.

Tatu, usimfukuze mtoto kwa kosa la umaskini. Mtoto akipigana, muadhibu kwa kiasi. Akikosa kalamu, hilo si kosa lake. Ukiona huna la kufanya, basi mwache akae na kusikiliza. Masikio hayanunuliwi dukani.

Nne, tafuta mwalimu mzee umwulize kila siku. Waalimu wapya twaona haya kuuliza, tukidhani watu watatudharau. Darasa letu lilipozidi kujaa, ni Mama Mwalimu aliyetushauri kwenda kwa mkuu wa shule. Naye juma la tatu akaligawa, nusu asubuhi na nusu alasiri, akampata mwenzetu wa kushika la alasiri. Kama tungeendelea kujikaza peke yetu, pengine tungeacha kazi kabla ya Noeli.

Tano, usichukue kitu katika mkono wa mtoto. Twajua neno hili ni gumu, kwa maana tumbo la mwalimu nalo lina njaa. Sisi tulikuwa na mjomba. Si kila mtu anaye.

Kwa wazazi na wakubwa

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwatwika waalimu peke yao mzigo huu. Ninyi wazazi, mkisikia shule ni bure msidhani basi hakuna tena la kufanya. Mwalimu mgeni akifika katika mtaa wenu, mjue jina lake kama mnavyotaka ajue la mtoto wenu. Kamati ya wazazi imtafutie chumba. Atakayevuna mahindi ampelekee debe moja mchana kweupe, mbele ya watu wote, kama zawadi ya mtaa kwa mwalimu wa mtaa. Si kwa siri, wala kwa bahasha aliyoshikishwa mtoto. Debe hilo halimnunulii mtoto alama. Lampa mwalimu nguvu ya kukataa faranga mia mbili.

Nanyi wenye madaraka katika ofisi za elimu, kumbukeni kwamba kila jina linalosubiri katika karatasi zenu lina darasa lililojaa nyuma yake. Mwalimu asiyelipwa hukaa darasani mwili tu, na mtoto huona. Kuondoa ada ni jambo jema na la haki. Lakini haki hiyo haijatimia mpaka anayefundisha naye apate haki yake.

Wako pia wanaofanya kazi mahali pale tulipomkuta kijana wetu. Masista wa Mchungaji Mwema huko Kolwezi wameanzisha shule kwa ajili ya watoto waliokuwa migodini, na huwafundisha mama zao kazi nyingine, kama kulima na kushona. Kazi yao yatuonyesha njia: mtoto hatoki mtoni kwa kuhubiriwa tu, hutoka jamaa yake ipatapo chakula mahali pengine. Shule na sufuria huenda pamoja.

Mwisho

Huenda mtauliza habari za kijana wetu. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Siku za likizo alirudi mtoni mara nyingi, hatutaki kuwadanganya; na shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, tulidhani tumempoteza. Lakini zilipofunguliwa alikuja, na mwaka 2024 alifanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi akafaulu. Mama yake alituletea kuku. Tulimkubali kuku yule, kwa maana alikuja akiwika mchana kweupe, na mtaa wote ulimwona.

Lakini walikuwa wanne. Yule msichana, ambaye wenzake walijua jina lake moja tu, hatukumpata kamwe. Tuliuliza mitaa mitatu. Watu walisema jamaa yake walihama, labda waliwafuata waliosikia habari za mawe mapya. Huku kwetu watu huhama hivyo. Daftari la mahudhurio la mwaka ule bado tunalo nyumbani. Mahali pake limeandikwa jina lile moja. La baba hakuna, la mtaa hakuna, na mbele yake ni mstari mtupu, toka Septemba mpaka Julai. Kila tunapowaza kwamba tumekwisha kuwa waalimu hodari, hulifungua daftari lile ukurasa ule.

Basi, mwalimu kijana unayesoma habari hizi, na moyo wako wadunda kwa ajili ya Jumatatu, usiogope. Chaki zitapatikana, sauti itarudi, na masomo yako mazuri utayafundisha siku zijazo. Ila ukifungua mlango na kuwakuta mia na zaidi wakikutazama, usianze na ubao. Chukua kalamu, mkaribie yule aliye karibu nawe, umwulize: "Mwanangu, unaitwa nani?"

Tukutane tena juma lijalo.